Mwisenge na Nyumba Zilizoilea

Mgeni akifika Shule ya Msingi Mwisenge, mjini Musoma, habari ya kwanza anayopewa ni kwamba hapa ndipo Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alipoanzia masomo mwaka 1934. Ni habari ya kweli, na sisi watu wa Mara tuna haki ya kuitambia. Ila imekaa midomoni mwetu muda mrefu mpaka imezimeza nyingine. Ukisikiliza hotuba za sherehe utadhani shule ilijengwa ili mtoto mmoja apite, kisha ibaki kumkumbuka yeye. Historia hii fupi inatetea kauli nyingine. Mwisenge ni kazi ya nyumba nyingi: za watemi wa Butiama, wa Ikizu na majirani zao, za walipa kodi ambao hakuna mtu anayewataja jukwaani, na za walimu wachache waliokubali kupokea watoto wasiojua hata Kiswahili. Nyerere alitoka katika makubaliano ya nyumba hizo. Kumweka humo hakumpunguzii kitu, na kunawarudishia wengine haki yao.

Tuanze na fedha, maana shule haijengwi kwa nia njema peke yake. Gavana Donald Cameron alipofika Tanganyika mwaka 1925 alikuta nchi kubwa, maofisa wachache na hazina nyembamba. Dawa yake ilikuwa kutawala kupitia wakubwa wa wenyeji, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ikawapa wakubwa hao baraza, mahakama na hazina yao. Mtemi alikusanya kodi kwa niaba ya serikali, na sehemu ya kodi hiyo ikarudi katika hazina ya wenyeji kulipa makarani, tarishi, matengenezo ya barabara, zahanati na shule. Mwisenge ilikuwa shule ya namna hiyo, shule ya utawala wa wenyeji. Maana yake ni kwamba Mkwaya aliyevua samaki Musoma, Mjita aliyelima muhogo kando ya ziwa, Mzanaki aliyeuza mbuzi ili apate shilingi za kodi na Mwikizu aliyefanya hivyo hivyo kule Nyamuswa, wote walikuwa wafadhili wake. Hawakuulizwa kama wanataka kufadhili, na wengi wao watoto wao hawakuliona darasa hilo kwa ndani. Hata hivyo fedha ilikuwa yao. Katika orodha yoyote ya waasisi wa Mwisenge, jina la kwanza lingestahili kuwa la mlipa kodi huyo, na naliweka hapa kwa sababu katika hotuba zetu huwa halipati nafasi.

Baada ya walipa kodi wanakuja watemi, na hapa inafaa tuondoe dhana moja. Tumezoea kusema kwamba Mwisenge ilikuwa shule ya watoto wa watemi kana kwamba watemi hao walikuwa wafalme wa tangu na tangu. Kwa upande wa Wazanaki haikuwa hivyo. Kabla ya Wajerumani, mambo ya Buzanaki yaliamuliwa na marika ya wazee, na heshima kubwa ilikwenda kwa watu wenye elimu ya mvua na wenye kuijua mizimu ya nchi, ile inayohifadhiwa katika misitu mitakatifu kama Muhunda wa Butiama. Wajerumani walipotaka mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi, walimtafuta wakampata. Burito Nyerere alishika utemi wa Butiama mwaka 1915, akiwa mtu mzima wa makamo, na Butiama ilikuwa moja tu ya milki nane ndogo za Wazanaki. Kwa hiyo mwaka 1934 utemi wake ulikuwa na umri wa miaka 19. Nyumba ya Burito haikuwa na hazina ya zamani wala jeshi wala ikulu. Ilikuwa boma la mzee mwenye wake 22, mifugo, mashamba ya mtama na kelele za kawaida za nyumba kubwa. Mama Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano, ndiye aliyemzaa Kambarage tarehe 13 Aprili 1922.

Ikizu ilikuwa na hadithi ndefu zaidi, na inastahili nafasi kwa sababu bila Ikizu habari ya Butiama na Mwisenge haiungani. Masimulizi ya Waikizu yanaanza na Muriho, mwindaji shujaa ambaye mlima Chamuriho umechukua jina lake. Kisha anakuja Nyakinywa, mwanamke mwenye elimu ya mvua aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, akakutana na Isamongo mwenye moto. Wakapimana nguvu, wakapatana, na mlolongo wa utemi wa Ikizu ukahesabiwa kuanzia kwa mwanamke huyo. Wazee wa Mara ya Kusini wameyaandika mambo haya kwa mikono yao wenyewe, na mwanahistoria Jan Bender Shetler akakusanya baadhi ya maandishi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2003. Sidai kwamba kila tukio la masimulizi lilitokea kama linavyosimuliwa. Ninachosema ni kwamba mtemi wa Ikizu wa zama za Waingereza, Mohamed Makongoro, alikalia kiti chenye hadithi nyuma yake. Alikuwa Mwislamu katika nchi yenye Waislamu wachache, alikuwa na uzoefu wa kushughulika na serikali, na neno lake lilipokelewa kwa watemi wenzake. Watu wa Bunda, ilipo Ikizu leo, wanamjua. Musoma nzima ingepaswa kumjua, maana yeye ndiye aliyesema neno lililompeleka Kambarage shuleni.

Habari yenyewe inasimuliwa hivi. Makongoro alikuwa akimtembelea Burito pale Butiama, na watemi hao wawili walipenda bao. Siku moja Makongoro akacheza na mmoja wa vijana wa nyumba ile, Kambarage, akaona akili yake, akamwambia baba yake kwamba mtoto huyu apelekwe shule. Mtu asiyecheza bao anaweza kuiona hadithi hii kuwa pambo la kizee, lakini anayecheza anajua kipimo chake. Kabla ya kuinua kete zilizo shimoni, mchezaji huwa ameshazitembeza kichwani: zitaishia wapi, hapo zitakuta nini, zikila zitaendelea mpaka shimo gani, na mwenzake atajibu kutoka upande upi. Mkono ukishaachia kete ya kwanza hakuna kurudi nyuma. Mtoto wa miaka 11 au 12 anayeweza kumsumbua mtu mzima katika mchezo huo ameonyesha hesabu, kumbukumbu na subira kwa mkupuo, bila karatasi. Hakuna ofisa elimu aliyekuwa na mtihani wa kuingilia uliofaa kuliko huo, na Makongoro alikuwa msahihishaji mzuri.

Wapo wanaoipinga hadithi hii, na hoja yao ina uzito. Wanasema serikali ya Waingereza iliwataka watemi wote wapeleke watoto wao wa kiume shuleni, ili kizazi kijacho cha watemi kijue kusoma, kuandika na kuweka hesabu. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa nia hiyo hiyo. Kwa hiyo, wanasema, Makongoro asingesema neno, Burito angepeleka mtoto tu. Nakubali nusu ya kwanza. Shinikizo lilikuwepo, na Burito hakuwa na haraka yoyote ya kutoa mtoto wa kuchunga. Lakini shinikizo la serikali lilidai mtoto, halikutaja jina. Katika nyumba yenye wake 22, baba aliyelazimishwa angeweza kumtoa mtoto yeyote: wa mke mkubwa, au mtundu anayesumbua nyumbani, au yule asiyefaa kwa mifugo. Watemi wengi wa Tanganyika walifanya hivyo, wengine hata wakapeleka watoto wa watu wengine badala ya wao. Nguvu ya serikali inaeleza kwa nini kiti kilikuwepo Mwisenge. Nani akikalie ni jambo ambalo serikali haikuamua, liliamuliwa kwenye bao. Ndiyo maana nasema Ikizu ina hisa katika shule hii, na hisa hiyo haiwezi kufutwa kwa kutaja sheria ya Cameron.

Kutoka Butiama hadi Musoma ni maili 26. Leo mwenye gari hupita Makutano akaingia barabara kuu, na kabla hajamaliza mazungumzo yake yuko mjini. Mtoto wa 1934 alizitembea kwa miguu, na alipofika aliingia bwenini, maana umbali huo si wa kwenda na kurudi kila siku. Alikuwa na miaka 12, na lugha aliyoijua ilikuwa Kizanaki. Jambo hili la lugha ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote wa kazi ya Mwisenge, na ajabu ni kwamba halizungumzwi sana. Mara ni mkoa wenye makabila mengi madogo yaliyobanana. Wakwaya, Wajita, Waruri, Wazanaki, Waikizu, Wakuria, Wajaluo na wengine hukutana sokoni, na kila mmoja akirudi kwake anarudi katika lugha yake. Shule iliwakalisha watoto hao benchi moja na kuwafundisha kwa Kiswahili, kisha Kiingereza. Kwa hiyo Kambarage hakujifunza Kiswahili akiwa Tabora wala Dar es Salaam. Alikianza Mwisenge, kwa walimu wa Mwisenge, pamoja na wenzake ambao nao walikuwa wageni wa lugha hiyo. Miaka 29 baadaye, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, na mwaka 1969 ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Anayetaka kujua shule ilifanya nini asitazame majengo, atazame umbali uliopo kati ya mtoto asiyejua neno la Kiswahili na mtu mzima anayemsemesha Shakespeare kwa Kiswahili.

Wala Kizanaki hakikupotea njiani. Mwaka 1955, Kambarage alipolazimika kuchagua kati ya ualimu katika shule ya Pugu na uongozi wa chama cha TANU, akaacha ualimu, alirudi nyumbani na kwa muda akamfundisha Kizanaki padri Arthur Wille wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, pamoja na kusaidia kutafsiri maandiko. Wanaosema shule za wakati ule ziliwafuta watoto utambulisho wao wana mifano mingi sehemu nyingine. Kwa Mwisenge mfano huu unawakataa.

Walimu sasa. Katika majina yote, moja limebaki hai mjini Musoma, la Mwalimu James Irenge. Irenge alimfundisha Kambarage, akaishi miaka mingi mpaka waandishi wa vitabu na wa magazeti wakamfuata kumhoji habari za mwanafunzi wake. Ni bahati ya shule hii kwamba mmoja wa walimu wake aliuona mwisho wa mbegu aliyoipanda. Mwalimu wa shule ya utawala wa wenyeji hakuwa mtu wa cheo. Mshahara wake ulitoka katika hazina ile ile ya kodi, ofisa Mzungu alikuja kumkagua, na mtemi naye alimtazama kwa jicho lake, maana watoto walikuwa wa watemi. Katikati ya mabwana hao wawili alitakiwa afundishe kusoma, kuandika, hesabu, usafi na shamba. Kwamba mtoto aliyeingia hajui lugha ya darasa alimaliza masomo ya miaka minne kwa mitatu, akafaulu na kwenda Tabora mwaka 1937, ni sifa ya akili yake, ndiyo. Ni sifa pia ya watu waliomrusha darasa badala ya kumkalisha kwa kufuata taratibu. Mwalimu mvivu huona raha mwanafunzi mwepesi akikaa kimya nyuma.

Kuna pingamizi jingine ambalo hutoka kwa ndugu zetu wa makanisa, nalo linataka jibu la heshima. Wanasema elimu ya Mara ilianzishwa na misheni, serikali ya wenyeji ilifuata tu. Tarehe zinawaunga mkono. Mapadri Weupe walikuwa Nyegina tangu 1911, Waadventista walikuwa na kazi yao Majita na Ikizu, na Wamennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka ule ule wa 1934, kisha wakasogea Bukiroba, Mugango na Bumangi. Hazina ya wenyeji ilizikuta shule za misheni zikiendelea. Lakini misheni ilifundisha ili ipate waumini, na mtoto wa mtemi ambaye baba yake anahusika na mvua na mizimu ya nchi hakuweza kupelekwa huko bila ugomvi nyumbani. Mwisenge iliwapa watemi mlango ambao hawakulazimika kuvua imani yao mlangoni. Na jambo la kufurahisha ni kwamba mlango huo haukufunga ule mwingine. Akiwa Mwisenge, Kambarage alifuatana na rafiki yake Mang'ombe Marwa kwenda Nyegina kusikiliza mafundisho ya dini. Hapo Nyegina ndipo alipobatizwa Desemba 1943, baada ya baba yake kufariki, akachukua jina la Julius. Serikali ya wenyeji na misheni zilishindana katika vitabu vya maofisa. Katika miguu ya watoto wale zilikuwa njia moja ya kwenda na kurudi.

Misheni ina dai moja ambalo Mwisenge haina jibu lake, nalo ni la wasichana. Shule ya watoto wa watemi ilikuwa ya wavulana. Nyakinywa wa Ikizu alikuwa mwanamke, na hadithi yake ilikuwa imekaa nyuma ya kiti cha Makongoro kila siku, lakini hazina ya wenyeji haikuona sababu ya kumsomesha mjukuu wake wa kike. Waliosomesha wasichana ni masista wa Nyegina. Maria Waningu Gabriel, Msimbiti wa kutoka kaskazini ya mto Mara, alisoma hapo, akaendelea Ukerewe na Sumve, akarudi kufundisha Musoma. Januari 1953 aliolewa na Julius Nyerere. Kila tunaposema kwamba familia ya kwanza ya Tanganyika ilitoka Mwisenge, tukumbuke kwamba nusu yake ilitoka Nyegina.

Mzee Burito alifariki mwaka 1942, na mwanawe Edward Wanzagi akashika utemi. Chini ya Wanzagi, zile milki nane za Wazanaki zilikuja kukaa chini ya mtemi mmoja. Ni jambo la kutafakari kwamba nyumba hiyo hiyo ndiyo ilitoa mtemi wa mwisho wa zama zile na kiongozi wa serikali iliyofuta utemi. Sheria ya 1963 iliondoa mamlaka ya watemi Tanganyika nzima, na Wanzagi akawa raia kama wengine, chini ya mdogo wake. Katika sehemu nyingine za nchi mabadiliko hayo yalileta maneno. Kwetu yalipita kwa utulivu wa kifamilia, ingawa si kila aliyekuwa na kiti alifurahi kukiacha. Wapo wanaosema kwamba kwa tendo hilo Nyerere aliikana shule yake, kwa kuwa ilijengwa na watemi kwa ajili ya watemi. Naona ni kinyume. Utemi wa Butiama ulianzishwa na sheria ya wageni, ukatumika vizuri kwa miaka 48, ukaondolewa na sheria ya wenyeji. Kilichokuwa kimejengwa kwa hazina yake kilibaki, na watoto wa walipa kodi wakaingia.

Tena waliingia kwa uamuzi uliofanyika humu humu Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa na kupitisha Azimio la Musoma. Mpango wa awali ulikuwa kwamba kila mtoto wa Tanzania apate nafasi ya shule ya msingi ifikapo 1989. Azimio likasema hapana, iwe 1977. Pia likataka mtu amalize sekondari, afanye kazi kwanza, kisha ndipo aende Chuo Kikuu akiwa na pendekezo la mahali alipofanya kazi. Wasomaji wa siasa huliweka azimio hili katika mfululizo mmoja na Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967, na wako sahihi. Lakini kwa mtu wa Musoma lina maana ya ziada. Miaka 40 kabla, kilomita chache kutoka ukumbi wa mkutano, mtoto mmoja alipata kiti cha shule kwa sababu baba yake alikuwa mtemi na mgeni wa baba yake aliliona bao lake. Azimio lilitaka kiti hicho kisitegemee baba wala bao. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo kwa anayesema kwamba Mwisenge iliishia katika kutoa mtu mkubwa mmoja. Ilitoa pia aibu njema, ile ya aliyepata akijua mwenzake hakupata.

Wakosoaji wa azimio hilo wapo, na hawajakosea yote. Watoto walijaa madarasani kabla ya walimu kupatikana. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wanafundisha, na jina la "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, likageuka kuwa utani ambao wengi wao hawakustahili. Nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Mwaka huo huo wa 1974 ulikuwa pia mwaka wa operesheni ya vijiji, na nyumba nyingi za Mara zilikuwa na shughuli nyingine vichwani kuliko vitabu. Hayo yote yamo katika hesabu. Ila hesabu ina upande wa pili: mwaka 1967 takriban theluthi moja ya watu wazima wa nchi hii walijua kusoma na kuandika, na mwaka 1986 serikali ilihesabu zaidi ya asilimia 90. Hata ukipunguza kwa ajili ya ukarimu wa takwimu za serikali, haijapata kutokea hatua kama hiyo kwetu kabla ya hapo. Anayesema ubora ulishuka anilinganishie na ubora wa nini, maana mtoto ambaye hakuwa na shule kabisa hana daraja la kushushwa.

Miaka iliyofuata naitaja kwa ufupi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa vitu uliofuata, uliogusa daftari na chaki kama ulivyogusa sabuni. Mwalimu kung'atuka urais Novemba 1985 na kurudi Butiama. Kufunguliwa kwa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama mwaka 1999, na mwaka huo huo, Oktoba, kuzikwa kwake Mwitongo, hapo Butiama, karibu na wazazi wake. Kufutwa kwa ada ya shule za msingi na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanzia 2002. Kugawanywa kwa wilaya ya zamani ya Musoma, na Butiama kuwa wilaya. Elimu bila ada kuanzia 2016, kwanza hadi kidato cha nne. Mwisenge kuwapokea wanafunzi wasioona, jambo ambalo shule ingestahili kusifiwa kwalo zaidi ya inavyosifiwa. Walimu wakuu, kamati za shule na wafadhili waliotumika katika miaka hiyo ni wengi na tunawashukuru.

Linabaki pingamizi moja la mwisho, na ndilo gumu. Mtu anaweza kusema: bila Nyerere, nani angeandika historia ya Mwisenge? Shule za utawala wa wenyeji zilikuwa nyingi Tanganyika, na nyingi zimesahauliwa pamoja na walipa kodi wao na walimu wao. Kweli, jina lake ndilo linalotufanya tugeuze shingo. Ila tukishageuka, tunachagua tutazame nini. Kuna wanaoona mtoto wa ajabu aliyetokea bila sababu, kana kwamba Mara haikumtengeneza. Mimi naona mtemi wa Ikizu aliyetambua akili katika nyumba isiyo yake, baba wa Butiama aliyekubali ushauri, mama aliyemwachia mtoto aende maili 26, mwalimu wa Musoma aliyemrusha darasa, rafiki aliyemwongoza Nyegina, na maelfu waliolipa. Namna ya pili ya kutazama ina faida kwa shule zetu za leo, kwa sababu mtoto wa ajabu hawezi kuagizwa, lakini wazee wanaotambua, walimu wanaorusha darasa na watu wanaolipa wanaweza kupatikana Mara hii hii.

Kwa hiyo nina ombi, na nalielekeza kwa nyumba zenyewe: za Ikizu, Butiama, Majita, Musoma mjini na kwingineko. Makabatini mwenu na kwenye masanduku ya bati zimo picha za darasa, vyeti, stakabadhi za kodi, barua za watemi na daftari za walimu waliokwisha kufariki. Mchwa hawachagui. Toeni nakala mzipeleke Makumbusho ya Butiama na kwa mwalimu mkuu wa Mwisenge, kila moja ikiwa na majina ya waliomo na mwaka wake nyuma. Na uongozi wa shule uandike ukutani, chini ya jina la Nyerere, jina la Makongoro wa Ikizu na la Mwalimu James Irenge.